Maswali ya Wasomaji: Je, kitabu cha Mayahudi kinachukia karamu?

SWALI: Assalaam aleikum Mwalimu. Kaka yangu amwoza binti yake mwezi ujao hapa Langoni, na mipango yenyewe yanitisha: ng'ombe, biriani ya siku mbili, halua ya kuagizwa Mombasa. Mwanangu anasomea dini chuoni. Amenisomea maneno makali ya maandiko ya Mayahudi juu ya watu wa kula na kunywa, hata kwamba mtoto mlafi apigwe mawe. Lakini hao hao wana sikukuu tele. Je, kwao karamu ni dhambi? Na kaka nimwambieje?
Shangazi wa bibi arusi, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Karamu si dhambi kwao. Kumbukumbu la Torati, kimoja katika vitabu vya Taurati, sura ya 16, yawaamrisha Bani Israil wafurahi katika sikukuu zao, na yawataja wa kufurahi nao: mwanao, binti yako, mtumwa wako, Mlawi (mtu wa kabila la Lawi, wahudumu wa ibada), mgeni, yatima na mjane. Nakuomba uishike orodha hiyo.

Anachokihofia Musa ni shibe. Sura ya 8 ya kitabu hicho hicho yasema: utakapokula ukashiba, ukajenga nyumba nzuri, mifugo na fedha zikaongezeka, jihadhari moyo wako usiinuke ukamsahau Mungu aliyekutoa Misri. Sisi husema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Taurati yaongeza kwamba huenda asimjue hata Mola wake. Mbele ya ndama wa dhahabu watu waliketi kula na kunywa, kisha wakainuka kucheza. Wanazuoni wa Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mafundisho ya Kiyahudi, wakasema simba hangurumi mbele ya kapu la majani makavu, hunguruma mbele ya kapu la nyama, yaani wingi ndio uliowapotosha.

Lakini kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha kware, katika kitabu cha Hesabu sura ya 11. Bani Israil jangwani walikuwa na mana kila siku. Wakalia wakikumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu na thumu. Upepo ukaleta kware kutoka baharini, wakaokota mchana kutwa, usiku kucha, na kesho yake kutwa tena. Aliyepata kidogo kabisa alipata homeri kumi, kipimo kikubwa cha nafaka. Nyama ingali katikati ya meno yao, pigo likashuka, na walioshikwa na tamaa wakazikwa pale pale. Hawakuwa na njaa, dada yangu. Na katika kisa kizima simwoni mtu aliyemwokotea mwenziwe.

Manabii wakaja wakalisema wazi. Amosi awakemea waliojinyosha juu ya vitanda vya pembe, wakila wanakondoo na kunywa mvinyo kwa mabakuli, wasihuzunike kwa mateso ya Yusufu, yaani watu wao wenyewe. Wengi wetu tukisikia Sodoma twafikiria jambo moja tu, lakini Ezekieli, sura ya 16, ataja kiburi, kushiba chakula na raha tele, na kwamba mji huo haukumshika mkono maskini.

Mtoto mlafi yumo kweli, Kumbukumbu la Torati sura ya 21. Lakini wanazuoni waliizungushia hukumu hiyo masharti mengi mno, hata baadhi yao wakasema haikupata kutokea wala haitatokea. Rabi Yonathani peke yake alipinga, akasema aliwahi kuketi juu ya kaburi la mtoto kama huyo. Wakaeleza kwamba huhukumiwa kwa mwisho wake: atamaliza mali ya babake, kisha asimame njia panda akiwanyang'anya watu. Na chakula alichokula na jamaa waliokusanyika kwa ajili ya amri ya Mungu hakihesabiwi juu yake.

Sasa kaka yako. Musa bin Maimuni, tabibu na mwanazuoni wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika kwamba mtu anayefunga milango ya ua wake siku ya sikukuu, akala na kunywa na mkewe na wanawe bila kuwalisha maskini na wenye uchungu moyoni, hiyo si furaha ya amri, ni furaha ya tumbo lake. Nikiyasoma maneno hayo naiona milango yetu ya nakshi kule Mkomani usiku wa harusi: ndani masinia hayaishi, na kwenye daka ameketi mzee ambaye hakuna aliyemwuliza kama amekula. Yaniuma, kwa sababu tumefundishwa sote kula na kunywa bila israfu.

Kwa hiyo usigombane naye juu ya ng'ombe. Mwulize sinia la kwanza laenda wapi. Likitoka jikoni kabla ya wageni kuketi, liende kwa wajane wa mtaa, kwa wachukuzi wa gatini, kwa watoto wa madrasa ambao wazazi wao hawakualikwa, hapo atakuwa amefanya walima. Biriani ya siku ya pili aipunguze. Halua ya Mombasa aiache. Ya hapa Lamu yatosha, na fedha ya kuisafirisha inunue mchele wa masinia hayo ya nje. Wewe ndiwe shangazi mtu, una haki ya kusimamia jikoni. Simamia.