Muulize Fundi: Komodo ya zamani, madirisha na intaneti

Swali: Fundi shikamoo. Mimi niko Hamburg mwaka wa 12 sasa, juzi Jumapili nimepita soko la mitumba nikaokota Commodore 64, ile kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 80, na adapta yake na draivu ya flopi, nimeiwasha nyumbani inawaka fresh kabisa. Kuna jamaa Mjerumani ninayefanya naye kazi ananiambia hiyo naweza kuiwekea madirisha na mausi na pia kuiingiza kwenye intaneti. Ni kweli au ananizuga? Nianzie wapi? *Msomaji, Hamburg*

Jibu: Marahaba mwanangu. Hakuzugi, ila kabla hatujafika huko naomba hiyo adapta uichomoe ukutani sasa hivi, usingoje umalize kusoma. Adapta nyingi za asili za C64 (Commodore 64 yako hiyo) zimemiminiwa gundi ngumu ndani, joto halina pa kutokea, na zikizeeka ule upande wa volti 5 unaanza kupanda kidogo kidogo bila wewe kuona dalili yoyote, leo mashine inawaka vizuri kesho chipu za memori zimeungua. Mimi nimeletewa mezani mashine iliyocheza gemu asubuhi na jioni ikawa skrini nyeusi tupu, mwenyewe karibu alie. Nunua adapta mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya C64, maana ile inatoa umeme wa aina mbili, volti 5 DC na volti 9 AC, kwa hiyo chaji yoyote uliyonayo nyumbani haiwezi kukusaidia.

Haya sasa, madirisha. Programu yenyewe inaitwa GEOS, waliitoa Berkeley Softworks wa California mwaka 1986, na mimi mpaka leo nikiiwasha nakaa tu naiangalia. Hebu piga hesabu na wewe: mashine nzima ina kilobaiti 64, prosesa yake ni kama megahezi 1, skrini ni nukta 320 kwa 200, ukiipa kila nukta biti moja tayari baiti 8,000 zimeondoka kwa picha peke yake, hapo hujaweka rangi, hujaweka herufi, wala programu yenyewe haijakaa popote. Na bado jamaa wakakuwekea menyu za kushuka, aikoni, pipa la taka, geoWrite ya kuandikia yenye fonti tofauti tofauti na geoPaint ya kuchorea ukurasa mzima! Siri yao ni kwamba programu wameikata vipande, kipande kinachotakiwa ndio kinaletwa kutoka kwenye flopi, kikimaliza kazi kinampisha mwenzake. Sasa flopi ya 1541, ile draivu ya C64, inabeba kilobaiti 170 tu na draivu yake ni ya polepole, kwa hiyo utakuwa unaisikiliza inakoroma kila ukifungua kitu. Dawa ni kuongeza memori. Commodore wenyewe walikuwa wanauza katriji za memori (visanduku vya kuchomeka nyuma ya mashine), kubwa yao ilikuwa ya kilobaiti 512, GEOS inaigeuza kama diski na hapo ndio utaona raha, vitu vinafunguka papo hapo. Mausi tafuta ile ya Commodore namba 1351, au anza na joistiki ya gemu, inasogeza mshale vizuri tu.

Intaneti ni habari nyingine, na hapa watu wengi wanachanganya. GEOS ilitoka kabla intaneti haijafika majumbani, haikuja na lugha ya mtandao ndani yake. Aliyetoa jibu zuri kuliko wote kwa maoni yangu ni Msweden mmoja, Adam Dunkels, ambaye mwaka 2003 alitoa Contiki, mfumo mzima wenye madirisha, brauza na mtandao, na unaingia kwenye C64 hiyo hiyo uliyoiokota sokoni. Mtandao wake unasimamiwa na kitu kinaitwa uIP na ujanja wake ninaupenda sana. Kompyuta ya kawaida ikituma pakiti, yaani kifurushi cha data, inaweka nakala pembeni mpaka upande wa pili ujibu nimepata, pakiti ikipotea njiani inatuma ile nakala. Sasa pakiti moja ya ethaneti inaweza kufika baiti 1,500, ukianza kuweka nakala nakala kwenye kilobaiti 64 umekwisha. uIP haiweki. Pakiti ikipotea inamrudia aliyeandika, yaani programu, inamwambia ile barua imepotea hebu iandike tena. Basi. Sehemu moja tu ya kushikia pakiti, ikija mpya inakaa palepale ilipokaa ya kwanza. Na ujue Contiki baadaye ikaenda kufanya kazi kwenye vihisio, vile vidude vidogo vya kupima joto na unyevu vyenye memori kiduchu kama C64 yako, kwa hiyo haikuwa mchezo wa watu wasio na kazi.

Kwa vifaa, njia ya waya ni kadi ya mtandao ya aina ya RR-Net inayokaa kwenye tundu la katriji. Tatizo tundu hilo ni moja, na ile katriji ya memori ya GEOS nayo inalitaka hilo hilo, ndio maana watu wengi siku hizi wananunua 1541 Ultimate II+, katriji moja inayoigiza draivu ya flopi, inaigiza memori ya nyongeza na ina tundu la ethaneti, bei imechangamka lakini ukijumlisha vitu inavyokuokolea si ghali. Njia ya bei nafuu ni modemu ya waifai yenye chipu ya ESP8266, inachomekwa nyuma kwenye yuza poti na inajifanya modemu ya simu ya miaka ya 80, unaandika ATDT (amri ya kupiga simu) na anwani, yenyewe inatafuta mtandao. Kumbuka chipu hiyo inaona waifai ya gigahezi 2.4 peke yake. Rauta au hotspoti ya simu ukiiweka kwenye 5 utahangaika usiku kucha ukidhani modemu mbovu.

Mimi ningekuwa wewe ningeanza na adapta, halafu GEOS na joistiki, mtandao mwezi ujao.

Swali: Asalaam aleikum ndugu fundi. Marehemu baba alituachia kompyuta ya Sakhr, ina herufi za Kiarabu, tulijifunzia sote hapa Maskat. Sitaki iharibike, ila natamani wanangu waione ikifanya mambo ya leo. Inawezekana? *Msomaji, Maskat*

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu, Mungu amrehemu mzee. Sakhr ni za kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait, na ndani yake ni MSX, ule mfumo wa kompyuta za nyumbani uliotangazwa 1983 wenye prosesa ya Z80. Geuza chini usome namba. Ikiwa AX-170 ni MSX ya kwanza, madirisha ninayotaka kukwambia haitayaweza. Ikiwa AX-350 hiyo ni MSX2, na ikiwa na memori kuanzia kilobaiti 128 (inaongezeka kwa katriji ikipungua) basi tafuta SymbOS, mfumo wa madirisha wa Mjerumani Jörn Mika. Hiyo inaendesha programu kadhaa kwa pamoja, unavuta dirisha, unalipanua, huku lingine linaendelea na kazi yake, kwenye Z80 ya megahezi 3.58! Na mtandao inao ukichomeka katriji kama GR8NET. Uzuri wake kila kitu kinaingia kwa tundu la katriji, kwa hiyo usimruhusu fundi yeyote aguse bodi ya mzee kwa moto wa kulehemu. Ukichomoa, inarudi vilevile alivyoiacha.

Swali: Fundi, kwa hiyo kwenye hizo mashine naweza kufungua WhatsApp au benki? *Msomaji, Kisumu*

Jibu: Hapana. Tovuti karibu zote sasa zinafunga mazungumzo kwa siri kabla hata hazijakusalimia, na hesabu za ile siri prosesa ya megahezi 1 haiziwezi kwa muda ambao tovuti itakusubiri. Watu wanaweka kompyuta nyingine katikati, hata Raspberry Pi ndogo, hiyo inafungua ile siri, inatoa picha na mapambo, inaipa mashine ya zamani maneno matupu. Kuna tovuti ya FrogFind inafanya kazi kama hiyo, unatafuta kitu inakuletea ukurasa uliopunguzwa. Kwa kusoma safi sana. Nywila zako usizipitishe huko.

Swali: Mimi mwanafunzi, Komodo sina na pesa ya kuagiza sina. Nikose kabisa? *Msomaji, Dodoma*

Jibu: Hukosi mdogo wangu. Shusha VICE, ni ya bure, inaigiza C64 kwenye laptopu hata ya kizee, na kwenye mipangilio unaiongezea ile memori ya kilobaiti 512, unapakia GEOS na kuanza kuchora. Hata kadi ya RR-Net inaiigiza, kwa hiyo na Contiki utaijaribu. Na ile spidi ya draivu ya 1541 iache kama ilivyo kwa siku ya kwanza, usiiharakishe, usikilize uone watu walikuwa wanangoja kiasi gani, ndio uongeze memori.