Jibu: Programu ya kuamulia mambo ya kikundi cha wavuvi

Ndugu yangu wa Kizingitini, umeuliza mfanye vipi ili maamuzi ya kikundi cha wavuvi yasimezwe na wasemaji wachache kwenye WhatsApp. Itazameni Polis, programu ya mtandaoni ya kukusanya maoni ya watu wengi, iliyotumika Taiwan mwaka 2015 kwenye mjadala wa Uber, kampuni ya teksi za kuitwa kwa simu. Mtu huandika hoja fupi, wengine hubonyeza nakubali, sikubali au napita. Kitufe cha kujibizana hakimo, kwa makusudi, na hilo ndilo nalipenda zaidi: ugomvi haupati pa kushika. Ila baraza msiliache. Manahodha wengine hulala baharini, kwa hiyo hoja, tuseme ya kununua mashine ya barafu, iachwe wazi siku kadhaa, na asiye na simu janja asomewe pale gatini, jibu lake liingizwe kama alivyolitamka.