Nimeanza chuo kikuu na miaka 63, wazee wenzangu sogeeni niwaambie

Mi nilikuwa karani bandarini hapa Tanga, kazi yangu kuhesabu mizigo na mzigo wenyewe zaidi ulikuwa katani, yaani nyuzi za mkonge. Robota moja kilo 250, nimeyahesabu miaka na miaka yakishuka kwenye tishari kupelekwa melini, maana enzi hizo meli ilikuwa inasimama nje kule. Nikastaafu na miaka 60, nikakaa nyumbani Ngamiani, ndo kuna kitu kikaanza kunikaa rohoni. Mkonge umetulea familia nzima na sijui hata ulifikaje hapa.

Baba yangu alikuja Tanga kwa ajili ya mkonge huohuo, manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashambani, kutoka Kigoma, na mambo hayo hakupenda kuyazungumza kabisa. Alipofariki tukakuta kwenye kopo la majani ya chai kipande chake, ile kadi ya kazi yenye vyumba 30, siku ukimaliza kazi uliyopangiwa mnyapara anaweka alama, vyumba vikijaa vyote ndo unalipwa. Cha baba kina alama 22. Vyumba 8 vitupu. Nilikuwa nakitoa usiku nakitazama, najiuliza hizi siku 8 kulikuwa na nini.

Swali hilo ndo lililonipeleka Chuo Kikuu Huria, na ndo ushauri wangu mkubwa kuliko wote, nenda chuo na swali lako. Umri wetu huu digrii haikupandishi cheo, hakuna bosi anayeisubiri, sasa ukienda kwa ajili ya joho tu utachoka mapema, nimewaona wawili watu wazima kabisa wameishia njiani na walikuwa na akili kunizidi. Lakini ukiwa na jambo linalokunyima usingizi utaamka mwenyewe saa kumi na moja, ukishaswali alfajiri unafungua kitabu hakuna wa kukusukuma.

Chuo chenyewe kilianzishwa kwa sheria ya 1992, makao makuu Dar ila vituo viko mikoani na Tanga kipo. Unasomea nyumbani, walimu mnakutana kwa ratiba, mitihani unafanyia kituoni. Mi alama zangu za fomu siksi hazikutosha, nikaanza na kozi ya msingi, msiione aibu hiyo, imenisaidia sana kurudisha kichwa kwenye kusoma.

Ila kabla ya hapo nilipoteza karibu mwaka mzima kwa neno la mtu mmoja. Kuna ofisi nilipita kuulizia habari za kusoma, kijana wa mapokezi akaniambia mzee si uwaachie wajukuu nafasi hiyo. Hakunitukana, alisema kwa upole tu, lakini nilirudi nyumbani mguu mzito sikumwambia hata mama watoto. Kilichonitoa hapo ni kumkumbuka mama yangu. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, nilikuwa na miaka 11, nikamwona mama anatoka shamba anajifunga khanga safi anaenda ngumbaru, darasa la watu wazima, chini ya mwembe. Aliandika jina lake kwa mkaa ukutani kwetu, herufi kubwa zimeenda upande, na baba akakataza ukuta usipakwe chokaa. Sasa mtoto wa yule mama ndo arudishwe na neno moja la mapokezi?

Macho pima kwanza, kabla hata ya kulipa ada. Mi nilidhani sielewi kumbe sioni. Halafu mkono, hili hakuna aliyeniambia, mtihani unaandika masaa matatu mfululizo kwa kalamu na vidole vyetu vimeshazoea simu, mtihani wa kwanza mkono ulikufa ganzi katikati nikaacha swali ninalolijua. Siku hizi kila asubuhi naandika kurasa mbili kwa mkono, chochote tu. Kiingereza nacho kigumu, vitabu vingi ndo lugha yake, mi nasoma aya moja kisha namweleza mjukuu wangu kwa Kiswahili, nikishindwa kumweleza najua sijaelewa narudia.

Pesa, tafadhali sana, kiinua mgongo usikimalize kwenye ada. Lipa kwa awamu, na mwenzako ndani ya nyumba ajue kila shilingi.

Halafu mwalimu wako anaweza kuwa sawa na binti yako. Mwalimu wangu wa historia akiingia ananiambia shikamoo mzee, namjibu marahaba mwalimu, baada ya hapo yeye ndo mkubwa, nanyoosha kidole kama wengine. Vijana wananiita babu, tunagawana, wao wananionyesha kutafuta makala mtandaoni mi nawasimulia bandari ilivyokuwa.

Na nilichokikuta humo vitabuni wallahi sikutegemea. Mkonge asili yake Meksiko, Mjerumani Richard Hindorf akauleta 1893, miche ikapitia Florida, iliyofika hai 62 tu. 62! Mi niliyehesabu maelfu ya marobota niliweka kalamu chini.

Najua wapo wasiotaka mitihani kabisa, na wana haki. Ufaransa pale Toulouse walianzisha chuo cha wazee tangu 1973, Marekani nako vyuo vikuu vingi vina madarasa ya watu wa miaka 50 kwenda juu, hakuna mtihani wala alama, unaenda kusikiliza na kuuliza. Mi natamani sana vyuo vyetu vifungue milango hivyo kwa wazee wa Tanga, hata siku moja kwa wiki.

Wakati tunasubiri tumeanza wenyewe barazani kwangu, kila Jumatano baada ya laasiri, kahawa na kashata zipo, aliyesoma kitu anawaeleza wenzake. Wiki iliyopita nilileta kipande cha baba. Kuna mzee wa makamo ya kaka yangu mkubwa, alikata mkonge huko Muheza ujana wake wote, kusoma hajui vizuri. Akakishika kwa mikono miwili, akapitisha dole gumba kwenye vile vyumba vitupu kimoja kimoja, akaniambia mdogo wangu, hii siyo kwamba hakwenda kazini. Alikwenda, akakata, mizigo ikapungua hesabu, siku ikafutwa yote. Akavua kofia akanyamaza kidogo.

Jumatano hii zamu yake kuzungumza. Nimeshachaji simu nimrekodi, mjukuu kanionyesha pa kubonyeza.