Faili lipo, ila mashine yako haijauliza

SWALI: Shikamoo Fundi. Tuna kiwanda kidogo cha uchapaji hapa Tanga: kompyuta 4 za wasanifu na moja inayoendesha mashine ya kuchapa, zote Linux, zinatumia folda za seva moja kwa NFS, ile njia ya kutumia folda za seva kupitia mtandao kana kwamba ziko kwenye kompyuta yako. Msanifu akimaliza kazi anaihifadhi kwenye folda ya TAYARI, na programu ndogo aliyotuandikia kijana wetu inaiokota na kuipeleka kuchapwa. Mara nyingine msanifu analiona faili kwa macho yake, lakini kompyuta ya kuchapa inashikilia kuwa hakuna kitu, mpaka karibu dakika nzima. Juzi ikaja na kioja kingine: kadi za harusi 300 zilitoka na nusu ya maandishi. Kijana akaweka noac, mpangilio wa NFS wa kuzuia kache, kwenye kompyuta zote, na sasa kuhifadhi picha kubwa ni kukaa na kungoja. Tufanyeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, na poleni kwa zile kadi. Hiyo noac iondoeni leo. Nami niliwahi kuiweka kwenye ofisi moja Dar, Ijumaa jioni, nikaenda zangu nyumbani nikijiona bingwa. Jumatatu wahasibu walinipigia simu sijamaliza chai. Noac hufanya mambo mawili kwa mpigo: inaizuia kompyuta kukumbuka taarifa za mafaili, na inalazimisha kila kipande kinachoandikwa kisubiri seva ijibu. Hilo la pili ndilo linalowaua.

Sasa kuhusu ile dakika. Sun Microsystems walipotengeneza NFS, katikati ya miaka ya 1980, walitaka seva isiyoweka kumbukumbu ya nani amefungua nini. Ikizimika, inawashwa na kazi inaendelea. Raha hiyo ina gharama yake: seva isiyojua nani ana nakala ya nini haiwezi kumwambia mtu kwamba faili limebadilika. Kila kompyuta lazima iulize yenyewe. Ikiuliza kila sekunde mtandao utajaa maswali, kwa hiyo majibu inayaweka kwenye kache, yaani kumbukumbu yake ya muda, na kuyaamini kwa kitambo. Hakuna anayekwenda kisimani kwa kila kikombe. Ila maji ya mtungini ni ya asubuhi.

Kwenye Linux, msipobadilisha kitu, taarifa za faili huaminiwa kati ya sekunde 3 na 60, na za folda kati ya 30 na 60. Ndiyo dakika yenu hiyo. Tena hata jibu la “halipo” linatunzwa! Kama programu ya kijana inatafuta jina fulani, ikaambiwa halipo, itaendelea kuliamini jibu hilo wakati faili limeshafika zamani.

Kadi ni ugonjwa mwingine kabisa. NFS inakuahidi jambo moja tu la kutegemea: mwenzako akishafunga faili, wewe ukilifungua baada ya hapo utapata alichoandika. Akiwa bado analiandika, huna ahadi yoyote. Programu yenu ilifungua faili ambalo msanifu alikuwa hajamaliza kulihifadhi, ikachapa kilichokuwepo.

Kwa hiyo msihifadhi moja kwa moja ndani ya TAYARI. Tengenezeni folda ya pili, tuseme JIKONI, kwenye diski ileile ya seva. Msanifu ahifadhi humo, afunge faili, ndipo alihamishie TAYARI kwa mv, amri ya Linux ya kuhamisha faili. Ndani ya diski moja, kuhamisha ni kubadili jina tu, kwa hiyo faili hutokea TAYARI likiwa zima. Folda zikiwa diski mbili tofauti, mv inageuka kunakili, na mtarudi kwenye nusu kadi.

Kisha, kwenye kompyuta ya kuchapa peke yake, ongezeni actimeo=3 na lookupcache=positive katika mstari wa folda hizo ndani ya fstab, faili linaloiambia Linux iunganishe folda zipi na kwa mipangilio gani. Ya kwanza inapunguza dakika kuwa sekunde 3, ya pili inakataza kukumbuka “halipo”. Wasanifu waachieni kache yao kama ilivyokuwa. Wao ndio wanaofungua picha nzito siku nzima.

Mtaambiwa mhamie toleo la 4 la NFS. Ni zuri, na lina utaratibu wa seva kumkabidhi mtu faili kisha kumdai likihitajika na mwingine. Lakini ahadi ya kufunga ndipo ufungue imebaki ileile, na folda yenu ya TAYARI itachelewa vilevile.

Jambo moja nimelihofia: kuna mtu ataona wepesi hautoshi, aandike async kwenye exports ya seva, yaani orodha ya folda inazogawa. Hapo seva itasema “nimehifadhi” kabla haijagusa diski, na umeme ukikatika wakati huo kazi imekwenda. Kama imeshaandikwa, rudisheni sync.

Kijana msimgombeze. Ugonjwa aliuona kweli, dozi ndiyo ilizidi.