Betri hizo usizipasue, kaka: risasi ya chubwi itoke kwengine

Simama hapo hapo. Umeandika humu jukwaani kwamba umepata betri 3 kuukuu za gari karibu na bure, una sufuria ya zamani ya jikoni, jiko la makaa lipo uani, na sasa wauliza ununue kalibu gani ya kumiminia, waya upi wa kuvulia nguru, na uweke shilingi ngapi ili uanze kusubu (kuyeyusha na kumimina) chubwi zako mwenyewe hapo Lamu, vile vizito vya risasi vya kushusha mshipi. Kalibu iache kwanza. Betri hizo usizipasue. Kama umeshazipasua, usizitie motoni, na watoto wasisogee hapo zilipo.

Nakuambia kwa ukali kwa sababu mpango wako ndio uliokuwa mpango wangu, betri kwa betri, sufuria kwa sufuria. Na wazo lenyewe si baya. Anayevua mishipi kwenye miamba anajua: bamvua likija na mkondo ukikaza, chubwi ndogo haifiki chini, na nzito ikifika inakwama. Kila inayokwama ni pesa imezama. Mtu akisema atasubu zake mwenyewe simlaumu. Ninachokasirikia ni pale risasi inapotoka.

Mimi risasi nilielekezwa na muuza vyuma chakavu hapa Malindi. Nilimwendea kuuliza kama ana chubwi kuukuu za nyavu. Akanionyesha betri. Akasema, "Risasi ni risasi, bwana. Pasua, mwaga maji yake mchangani, tia sahani zake kwenye sufuria, engua uchafu, mimina." Akanipasulia ya kwanza kwa shoka mbele yangu ili nione ilivyo rahisi. Mtu huyo hajawahi kuyeyusha hata kipande kimoja nyumbani kwake. Alikuwa anauza tu, na mzigo ule ulikuwa unamjazia banda. Mpaka leo nikimpita nageuza uso, maana nikisimama nitasema maneno ambayo mtu mzima hasemi barabarani.

Sasa sikiliza kilichomo ndani ya betri. Zile sahani si risasi tupu. Ni wavu mwembamba wa risasi uliojazwa uji mkavu wa oksidi na salfeti ya risasi, umekaa ndani ya asidi ya salfuriki. Risasi yenyewe huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi, moto wa makaa unaiweza bila taabu. Ule uji hauyeyuki kwa moto huo. Unabaki juu, unga wa kijivu na kahawia, mwingi kuliko risasi uliyoipata. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya pesa utapunjwa: betri nzito vile, utamaliza na chubwi chache na ndoo ya unga.

Na unga ndio wenye balaa. Watu wote wanaogopa moshi, wanafunika pua na kitambaa, wanasimama upande wa upepo, wanadhani wameshajikinga. Risasi haichemki mpaka ipite nyuzijoto 1700, na ukisubia moto wa kiasi mvuke wake ni mdogo. Kinachoingia mwilini zaidi ni vumbi: la kuengua, la kukwangua, la kupasua. Linakaa mikononi, kwenye kanzu, kwenye mkeka, kwenye embe aliloliokota mtoto. Mimi nilifanya nini? Niliuengua unga ule kwa kijiko, nikaumwaga pembeni ya ukuta, nikasema nitauzoa kesho. Upepo wa kusi ukapiga. Kuku wakachakura pale. Mwanangu wa mwisho alikuwa anatambaa, na pale penye kivuli ndipo mama yake alipokuwa akimtandikia.

Alianza kukataa chakula. Kisha tumbo, choo kigumu, kulia bila sababu, macho meupe kama hana damu. Tulimpa dawa ya minyoo. Tukampima malaria, hana. Tukaambiwa ni meno. Muuguzi mmoja, Mungu amlipe, ndiye aliyekaa chini akauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza: "Hapo nyumbani mnafanya kazi gani?" Nikamwambia kwa fahari kabisa kwamba nasubu chubwi. Akaweka kalamu chini.

Damu ikatolewa ikapelekwa kupimwa. Jibu likarudi zaidi ya mikrogramu 20 za risasi kwa desilita ya damu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linasema ikifika 5 lazima chanzo kitafutwe na kiondolewe, na linasema pia hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya kile anachofyonza mtu mzima akimeza kiasi kile kile. Nilidhani watampa sindano tuondoke. Daktari akanieleza kwamba dawa ya kuvuta risasi mwilini kwa watoto hutumika hasa kuanzia 45. Chini ya hapo tiba ni kuondoa chanzo, kumlisha chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu, na kupima tena na tena. Chanzo kilikuwa ua wangu.

Basi mtoto akahamia kwa bibi yake Mambrui. Mimi na shemeji tukachimba udongo wa juu wa ua mzima, umelowanishwa usitimke, tukamwaga zege. Mikeka, godoro, nguo za kazi, vyote vikaondoka. Sufuria ile ilikuwa imesharudi jikoni siku kadhaa imepikiwa uji, na hilo sikulieleza kwa mke wangu mpaka muuguzi aliponilazimisha. Pesa niliyotumia ingeninunulia chubwi za dukani za kutosha mimi na wanangu wote tukivua mpaka tuzeeke.

Pesa si kitu. Madhara ya risasi kwenye ubongo wa mtoto hayarudi nyuma. Sasa anasoma, anacheza mpira, ana afya. Lakini mwalimu akiniita kuniambia mtoto hatulii darasani, hakuna daktari wa kunihakikishia kama ni ile risasi au ni utoto tu, nami nitabaki nikijiuliza.

Na hatukosi habari. Hapo Mombasa tu, Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia risasi kwenye mtaa mzima. Phyllis Omido aliyekuwa akifanya kazi pale aligundua mwanawe mwenyewe ana risasi mwilini, akaanza kupigania mtaa, mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kile kilikuwa kiwanda chenye bomba la moshi na tanuri. Wewe na mimi tuna jiko la makaa na sufuria, halafu tunafanya kazi ile ile uani penye watoto.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitaisema mpaka unichoke: kabla hujanunua kifaa chochote, amua risasi itatoka wapi, na isitoke kwenye betri. Usianzie kwenye kalibu. Kalibu nzuri ukiilisha risasi ya betri itakupa chubwi nzuri na mtoto mgonjwa.

Risasi safi ipo. Waulize wenye nyavu waliozistaafisha, chubwi zake huuza kwa kilo. Waulize mafundi wa magurudumu, vile vipande vya kusawazishia rimu. Lakini hivi vichambue kimoja kimoja, maana siku hizi vingi ni chuma au zinki. Sumaku itakamata chuma. Kinachobaki kikwaruze kwa kucha au msumari: risasi ni laini, inachorea karatasi, zinki inagoma. Zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 419, kwa hiyo moto wako ukiwa wa kiasi kipande kilichokuponyoka kitaelea juu hakijayeyuka, kitoe kwa koleo. Ukizidisha moto kitaingia ndani na chubwi zako zitatoka na mabonde mabonde.

Chombo cha kuyeyushia: hiyo sufuria hapana. Si kwa sababu ya chakula peke yake, ingawa hilo latosha. Sufuria zetu ni alumini. Alumini huyeyuka kwenye 660, na makaa yaliyopulizwa vizuri hupita hapo. Ukiipakia kilo kadhaa za risasi juu ya makaa, kitako kinalegea, na kikitoboka risasi yote inakumwagikia miguuni. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akukatie kipande cha bomba jeusi nene, akichomelee kitako na mkono mrefu. Mwambie lisiwe bomba lililopakwa zinki, maana zinki ikichomwa moshi wake nao unamuuguza mtu. Upawa uwe wa chuma, na vyote viandikwe kwa rangi nyekundu visije vikakopwa na jirani kwa pilau.

Kalibu ya alumini haina shida, hiyo haikai juu ya makaa. Ila iwe kavu na ipashe moto kwanza. Naona wazee wengi wanachimba shimo kwenye mchanga wa pwani wanamimina humo humo. Mchanga ukiwa na maji, maji yanageuka mvuke kwa ghafla chini ya risasi, na risasi inaruka usoni. Jiwe la tumbawe nalo usilichonge kalibu, linanyonya maji na huwezi kuona kama limekauka. Jasho linalodondoka kwenye chombo, tone la mvua, kipande cha risasi kilicholowa umande ukikitia ndani ya iliyokwisha yeyuka, yote ni yale yale. Vaa miwani ya kazi, glavu za ngozi, suruali ndefu na viatu vilivyofunika mguu. Nimeona mtu anasubu na ndara. Inatisha.

Pahali: si uani. Nenda mbali na nyumba, mbali na kisima na tangi la maji, upande ambao upepo hauleti kwenu. Unga unaouengua utie kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, usiumwage popote. Nguo za kazi zisiingie ndani wala zisifuliwe pamoja na za watoto. Nawa kwa sabuni kabla hujashika chai, sigara, au mtoto.

Na kama haya yote yanakuchosha, hiyo ni habari njema, kwa sababu kuna njia ambayo mimi natumia leo: vipande vya nondo na nati kuukuu. Risasi ina uzito wa gramu 11.3 kwa sentimita ya ujazo, chuma kama 7.9, kwa hiyo chubwi ya chuma ya uzito ule ule huwa kubwa kama mara moja na nusu hivi. Bamvua likivuta utaisikia inabebwa zaidi, basi ongeza urefu wa kipande. Maji mafu, mkondo ukiwa umelegea, huoni tofauti yoyote. Itashika kutu, na ishike, mwisho wake ni kukwama mwambani.

Betri zako zirudishe nzima, zimesimama wima, vifuniko vimefungwa, kwa duka linalozipokea au kwa mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Maji yake usimwage hata tone.

Waya wa nguru uliouulizia nilikuwa nimesahau kukujibu. Kwa ufupi: ukitumia waya wa chuma kisichoshika kutu, kile kipete cha kubania kiwe cha shaba. Cha alumini juu ya waya ule, maji ya chumvi hukila upesi na nguru anaondoka na ndoana yako. Ukubwa wa waya na bei, wapo humu wanaovua nguru kila kaskazi, watakujibu vizuri kuliko mimi.

Mimi nataka unijibu jambo moja leo, si kesho: betri zimekaa wapi sasa hivi, na hapo uani kuna mtoto wa umri gani? Kama umeshapasua hata moja na kuna mtoto wa chini ya miaka 6, usingoje aumwe tumbo. Mpeleke hospitali, sema wazi kwamba nyumbani palipasuliwa betri, na uombe apimwe risasi kwenye damu. Usipoitaja wewe watampima malaria.