Usimchome baba insulini kabla hujaona sahani

Mleta mada, simama hapo hapo. Umesema baba yako mwenye kisukari karuhusiwa kurudi nyumbani na insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, kesho unamwondolea wanga wote, na sindano utamchoma saa moja kamili "ale asile". Usithubutu. Mambo hayo mawili kwa pamoja nusura yamuue mama yangu.

Dozi ya baba ilipangwa kwa chakula alichokuwa anakula wodini. Ukiondoa wanga na dozi ukaiacha vile vile, insulini itashusha sukari isiyokuwepo. Na hiyo ya mchanganyiko ina sehemu inayofanya kazi mapema na nyingine inayoendelea kwa saa nyingi, kwa hiyo hata mlo wa mchana una uzito wake.

Sisi muuguzi aliyetupa maelekezo alisema wanga ni sumu na sindano haina mjadala, akatukabidhi karatasi ya vyakula vilivyokatazwa, basi. Mama hakuwa na hamu ya kula. Sindano imeshaingia, akaonja vijiko viwili akasukuma sahani. Kabla ya mchana jasho linamtiririka, anaongea maneno yasiyoeleweka, sisi tukadhani ni uchovu. Mashine ya kupima sukari ikasoma 1.9 mmol/L. Chini ya 4 tayari ni hatari! Nina hasira na yule muuguzi mpaka leo. Angeuliza tu: nani anapika, mgonjwa anakula saa ngapi, anatafuna vizuri, ana kichefuchefu? Hakuuliza hata moja, na hakututajia dalili za sukari kushuka.

Kwa hiyo shika hili: pima sukari, chakula kiwe tayari mbele yake, uone ana nia ya kula, ndipo uchome, kwa muda ule daktari alioagiza kabla ya mlo. Akikataa kula au akitapika, piga simu kliniki papo hapo wakwambie dozi ya kutoa. Usijiamulie kuacha sindano, maana mwenye kisukari cha aina ya 1 akikosa insulini kabisa damu yake hujaa asidi.

Akianza kutetemeka, kutoka jasho au kuchanganyikiwa huku anaweza kumeza, mpe gramu 15 hivi za sukari ya haraka: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi ya matunda. Chokoleti hapana, mafuta yake yanachelewesha. Pima tena baada ya dakika 15, ikiwa bado chini rudia, ikipanda mpe chakula. Akizimia usimtie kitu chochote mdomoni, mkimbize hospitali.

Maswali yako mengine, ya matunda na uzito, watakujibu wengine. Wewe kesho asubuhi, kabla hujagusa wanga wake, wapigie waliompangia dozi uwaambie unataka kubadilisha nini kwenye sahani.