Muulize Fundi: Tela Langu Linapiga Mkia

SWALI: Fundi habari, nina tela dogo la ekseli moja nabebea mbao na vyuma, likiwa tupu limetulia kabisa ila nikipakia nikafika spidi 80 linaanza kupiga mkia mpaka gari linavutwa huku na huku. Nimebadilisha shokomzoba za gari lakini wapi.

JIBU: Salama ndugu, na pole kwa hela ya shokomzoba. Mi hapo naona upakiaji tu, mzigo wa nyuma ya ekseli umezidi wa mbele, asa nyuma ikielemea shingo ya tela (ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari) inanyanyuka na gari linakosa kitu cha kulituliza. Shingoni panatakiwa pakae kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa tela na mzigo wake, yaani jumla ikiwa kilo 500 basi shingoni kilo 50 hivi, mfuko mmoja wa saruji huo. Kupima chukua mzani wa kupimia watu, tia kabari magurudumuni kwanza (usisahau!), uweke chini ya shingo na gogo juu yake mpaka tela likae usawa uleule linaokaa likifungwa kwenye gari, alafu usome. Ikiwa ndogo sogeza mzigo mbele, ikizidi sana rudisha kidogo maana gari litakaa matako chini na taa za mbele ziangalie mbinguni. Na siku likianza kuyumba barabarani usikanyage breki ghafla wala usiongeze mafuta eti ulinyooshe, toa mguu, shika usukani umenyooka, liache lipoe lenyewe.

SWALI: Beringi za upande mmoja zinakufa kila baada ya miezi michache, na gurudumu linachemka katikati halishikiki.

JIBU: Nani anakukazia nati ya beringi? Wengi wanaikaza kama ya tairi, beringi inabanwa inajichoma yenyewe. Kaza huku unazungusha gurudumu, kisha legeza, rudisha kwa vidole tu, utie pini mpya. Grisi ya zamani futa yote, usipakae mpya juu yake. Na kama unapita kwenye maji gurudumu likiwa la moto, jua linanyonya maji ndani.

SWALI: Leseni yangu ya gari dogo inatosha kuvutia tela?

JIBU: Soma kibati cha tela, uzito wa juu linaoruhusiwa, sio mzigo wa leo. Nchi za Ulaya kwa mfano tela lisilozidi kilo 750 leseni ya kawaida inatosha na sio lazima liwe na breki zake, kwako waulize wahusika. Minyororo ya usalama kati ya tela na gari ipishanishe chini ya shingo, shingo ikichomoka idakwe isichimbe lami. Taa nazo zijaribu kabla hujatoka, ukiwasha indiketa na taa ya breki nayo inakonyeza basi ni waya wa ethi (ule unaofungwa kwenye chuma cha bodi) umeota kutu, kwangua pale ulipofungwa.